Lugha Inataka Mtaa: Namna Waayalandi, Waskoti na Watu wa Man Wanavyopigania Kigaeli

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa lugha katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu zangu wote, habari za asubuhi.

Naomba nianze na namba mbili. Katika sensa ya Ayalandi ya mwaka 2022, watu 1,873,997 walijibu kwamba wanaweza kuzungumza Kiayalandi. Ni watu wanne katika kila kumi. Katika sensa hiyohiyo, waliosema wanakizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968. Namba ya kwanza imejengwa na serikali kwa miaka mia moja, kwa sheria, kwa walimu na kwa vitabu. Namba ya pili ndiyo lugha yenyewe, inayotumika kuuziana mkate na kugombeza watoto. Nimekuja leo kuzungumzia umbali uliopo kati ya namba hizi mbili, na watu waliojaribu kuupunguza kwa mikono yao. Sisi tunaopenda lugha huwa tunakimbilia darasani na bungeni. Mimi nasema lugha inataka mtaa. Inataka nyumba, duka, uwanja wa mpira, ajira, na jirani wa kupiga naye soga ukutani.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Kigaeli ni lugha tatu ndugu: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, na Kimanx cha Kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kati ya Ayalandi na Uingereza chenye watu kama 84,000 na bunge lake lenyewe, Tynwald. Zamani zilikuwa lugha moja, zikaachana polepole. Kiwelisi ni binamu yao, hawakunyonya ziwa moja. Wapo wanaodhani Kigaeli ni Kiingereza chenye lafudhi ya vijijini. Hapana. Ni lugha nyingine kabisa, yenye sarufi yake na fasihi iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Na mtu asidhani lugha hizi zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mwaka 1366 watawala wa Kiingereza walikutana Kilkenny wakatunga sheria za kuwakataza walowezi wao wasizungumze Kiayalandi. Hebu fikirini: mtawala anawawekea marufuku watu wake mwenyewe kwa sababu lugha ya wenyeji inawameza! Kilichogeuza mambo ni ardhi. Katika karne ya 16 na ya 17 mashamba yalinyang'anywa, wakuu wa koo waliokuwa wakiwalisha washairi na wanasheria wakavunjwa nguvu, wengine wakakimbilia bara la Ulaya, na lugha ikabaki kwa maskini. Ikawa lugha ya mpangaji wa shamba mbele ya mwenye shamba anayesema Kiingereza. Mwaka 1831 zikaja shule za taifa, zilizofundisha kwa Kiingereza. Kisha ikaja njaa.

Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 ilianza na ugonjwa uliooza viazi mashambani, lakini iliua kiasi kile kwa sababu maskini hawakuwa na chakula kingine, huku shehena za nafaka na mifugo zikiendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengine wapatao milioni moja wakahama nchi. Pigo lilikuwa zito zaidi magharibi na kusini, kulekule Kiayalandi kilikokuwa lugha ya nyumbani. Sensa ya 1851 iliwakuta wasemaji milioni moja na nusu. Miaka arobaini baadaye hawakufika nusu ya hao.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko njaa, nalo ni kijiti. Katika maeneo mengi mtoto alivishwa kijiti shingoni kwa kamba. Kila aliposikika akisema Kiayalandi, kijiti kilikatwa alama, na mwisho wa siku mwalimu alihesabu alama na kumchapa. Uskoti nako adhabu ya namna hiyo ilikuwapo. Wenzetu waliosoma Kenya wanaijua vizuri: kibao kinachopita shingo hadi shingo, anayekutwa nacho jioni ndiye anayelimwa viboko kwa kosa la kusema lugha ya mama yake. Ila huko Ayalandi kulikuwa na jambo zito zaidi. Alama nyingine zilikatwa nyumbani, na wazazi wenyewe. Mzazi asiyejua Kiingereza hata kidogo alimchongea mwanawe kwa mwalimu, akiamini anamwokoa na umaskini. Daniel O'Connell, kiongozi mkubwa wa Wakatoliki wa wakati huo, aliyelelewa katika Kiayalandi, alitamka waziwazi kwamba angeweza kuiona lugha hiyo ikiachwa pole pole bila kusikitika, kwa kuwa Kiingereza kina manufaa zaidi. Mkono mtupu haulambwi, na wazazi wale waliona lugha yao ni mkono mtupu.

Tusiwahukumu. Mtoto aliyekuwa anaandaliwa kupanda meli kwenda Boston alihitaji Kiingereza kama alivyohitaji nauli. Nalitaja hili kwa sababu taifa hilohilo baadaye lilituletea walimu. Masista wa Loreto, shirika lililokuwa na mizizi Ayalandi, walifika Kenya mwaka 1921, na mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ayalandi wakafungua shule Nairobi. Walifundisha Kiingereza kwa bidii na kwa upendo mkubwa, wakitoka katika nchi ambayo Kiingereza ndicho kilichoifukuza lugha yake jikoni.

Harakati za kuirudisha zilianza kwa mtu ambaye wengi wasingemtarajia. Douglas Hyde alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kianglikana, familia ya tabaka la juu, na Kiayalandi alikiokota kwa wafanyakazi na wazee wa kijijini kwao katika jimbo la Roscommon. Mwaka 1893 yeye na wenzake, akiwemo mwanahistoria Eoin MacNeill, walianzisha Conradh na Gaeilge, Jumuiya ya Kigaeli. Jumuiya ilituma walimu wa kuzunguka, wengi kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji, ikafungua mamia ya matawi, ikawakutanisha wanaume kwa wanawake katika madarasa ya jioni yenye ngoma na nyimbo. Hyde alitaka lugha iwe ya Wakatoliki na Waprotestanti vilevile, ya mpenda ufalme na ya mpenda uhuru. Mwaka 1915 jumuiya ilipojifunga na siasa za kudai uhuru, alijiuzulu uongozi. Mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa Ayalandi chini ya katiba mpya iliyosema kwamba Kiayalandi ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza.

Sasa fuateni hesabu yao. Ayalandi ilipojitenga na Uingereza mwaka 1922, taifa hilo jipya liliamini kwamba kwa kuwa shule ndiyo iliyoua lugha, shule hiyohiyo itaifufua. Kiayalandi kikawa lazima. Hadi mwaka 1973, mwanafunzi aliyekifeli alihesabiwa amefeli mtihani wote wa mwisho wa sekondari, hata kama hesabu na sayansi alipata alama za juu. Vizazi vikakua vikikihofu. Watu wanasoma Kiayalandi zaidi ya miaka kumi, kisha wanashindwa kuagiza chai kwa lugha hiyo. Sidharau kazi ya walimu wale. Bila wao ile namba ya kwanza isingekuwapo, na waliofanya mambo makubwa baadaye wasingekuwa na pa kuanzia. Ila serikali ilimtwisha mwalimu mzigo wa mama, wa jirani na wa mwajiri, ikamwacha nao peke yake.

Mara moja hivi serikali ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1935 ilizihamisha familia 27 kutoka Connemara, pwani ya magharibi yenye mawe matupu, ikazipa nyumba na mashamba mazuri huko Ráth Chairn, katika jimbo la Meath karibu na Dublin. Walihama na lugha yao. Walichekwa na majirani, watoto wao wakahama kutafuta kazi, na ilibidi wapiganie miaka zaidi ya thelathini hadi mwaka 1967 kijiji chao kilipotambuliwa rasmi kuwa Gaeltacht, jina la maeneo ambayo Kiayalandi ni lugha ya jamii. Mpaka leo Kiayalandi kinasemwa Ráth Chairn. Familia chache zilizopewa ardhi pamoja ziliihifadhi lugha kwa namna ambayo maelfu ya madarasa hayakuweza.

Na hapo naomba niwapeleke Belfast, kwa sababu kisa cha Shaw's Road ndicho kilichonifanya nikubali mwaliko huu.

Katika miaka ya 1960 kulikuwa na kikundi cha vijana wa magharibi mwa Belfast waliojifunza Kiayalandi wakiwa watu wazima. Walikuwa Ayalandi ya Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, mahali ambapo serikali haikuitaka lugha hiyo hata kwenye kibao cha barabara. Walioana, wakaanza kupata watoto, wakakubaliana kuwalea kwa Kiayalandi. Wakaona tatizo mapema: kila mmoja akikaa mtaa wake, mtoto atakisikia kwa baba na mama tu, na akivuka kizingiti kimekwisha. Kwa hiyo wakachanga. Wakanunua ardhi kando ya barabara ya Shaw's Road, wakajifunza ujenzi, na mwaka 1969 familia tano za kwanza zikahamia katika nyumba zao. Kauli yao ilikuwa moja: usiseme, tenda. Agosti ya mwaka huohuo jiji likawaka moto wa machafuko, Bombay Street ikateketezwa, na watu wa Shaw's Road walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia kuijenga upya.

Mwaka 1971 wakafungua shule yao ya msingi, Bunscoil Phobal Feirste, ikiwa na watoto tisa. Miaka ya nyuma wakubwa wa elimu walikuwa wamewaonya kwamba kuendesha shule ya namna hiyo kunaweza kuwafikisha mahakamani. Wakafungua hivyohivyo. Serikali haikuitambua wala kuipa fedha mpaka mwaka 1984. Kwa miaka kumi na mitatu mishahara ya walimu ilitoka katika michango ya wazazi na majirani, wakati mabomu yanalipuka na watu wengi wa mtaa hawana kazi. Mwaka 1991 wakaanzisha sekondari, nayo kwa wanafunzi tisa. Leo zaidi ya watoto 7,000 wa Ayalandi ya Kaskazini wanasoma kwa Kiayalandi.

Angalieni mpangilio wao: nyumba kwanza, shule baadaye. Shule ilifunguliwa kwa sababu tayari kulikuwa na watoto wanaogombania mpira kwa Kiayalandi nje ya dirisha. Hawakusubiri sheria. Sheria yenyewe ya kukitambua Kiayalandi rasmi huko ilichelewa mno: bunge la London liliipitisha mwaka 2022, baada ya miaka ya maandamano ya vijana waliovaa mavazi mekundu, na ndiyo iliyoamua kufutwa kwa sheria ya mwaka 1737 iliyokataza lugha yoyote isiyo Kiingereza mahakamani. Kuna na jambo lingine ambalo Hyde angelifurahia. Mashariki mwa Belfast, ngome ya Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza, mama mmoja anayeitwa Linda Ervine alianzisha mradi wa Turas mwaka 2011 ili watu wa mtaa wake wajifunze lugha ambayo baadhi ya mababu zao waliizungumza. Ametukanwa sana. Madarasa yanaendelea.

Ari hiyo ya kutenda ilikuwapo Connemara pia. Mwaka 1969 vijana wa Gaeltacht walianzisha vuguvugu la kudai haki zao, kwa hoja kwamba taifa linaiimba lugha yao huku linawaacha bila viwanda, bila barabara na bila chombo cha habari. Pasaka ya mwaka 1970 wakarusha matangazo ya redio yao wenyewe, bila leseni, kutoka Ros Muc. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Aprili 1972, serikali ikafungua Raidió na Gaeltachta. Kwa mara ya kwanza mvuvi wa Kerry akamsikia mvuvi wa Donegal redioni, kila mmoja kwa lahaja yake, habari za samaki, za misiba na za mpira. Televisheni ilifuata mwaka 1996, leo inaitwa TG4. Umoja wa Ulaya ukaifanya Kiayalandi lugha yake rasmi mwaka 2007. Nayapita haya haraka kwa kuwa yameandikwa sana.

Tuvuke bahari twende Man, ambako maji yalikuwa yamezidi unga kabisa.

Huko kulikuwa na msemo kwamba Kimanx hakitakupatia hata senti moja. Sensa ya 1901 ilihesabu wasemaji 4,419. Ya 1961 ilihesabu 165, wengi wao wakiwa wamejifunza ukubwani. Ned Maddrell alikuwa mvuvi, aliyelelewa Cregneash na ndugu wa familia ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, na kwa sababu hiyo akakua na Kimanx wakati watoto wenzake wamekwisha kukiacha. Alipofariki tarehe 27 Desemba 1974, akiwa na miaka 97, kisiwa kilimpoteza mtu wa mwisho aliyeipata lugha hiyo tangu utotoni kwa njia ya kurithishana.

Lakini kabla ya kifo chake mambo mawili yalifanyika. La kwanza lilitoka Ayalandi. Éamon de Valera, aliyekuwa waziri mkuu, alikitembelea kisiwa mwaka 1947, akaonana na Maddrell, akasikitishwa kusikia kwamba hakuna rekodi za kutosha za wazee wale. Mwaka 1948 Tume ya Ngano na Mapokeo ya Ayalandi ikamtuma Kevin Danaher na gari lenye mashine ya kurekodia, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaweka wazee kwenye santuri. Ndugu mmoja mgonjwa alimkumbuka mwenzake aliyekuwa mahututi. La pili walifanya wenyewe. Vijana wa chama cha lugha, Yn Çheshaght Ghailckagh, kilichoanzishwa mwaka 1899, waliwafuata wazee majumbani mwao, wakakaa nao jioni, wakawarekodi, na zaidi ya yote wakazungumza nao. Wengine wao, kama Brian Stowell na Doug Fargher, waliinyonya lugha kutoka vinywani mwa wazee mpaka wakawa mafundi wenyewe. Fargher akatoa kamusi mwaka 1979. Stowell, mwalimu wa fizikia, akawa ofisa wa lugha aliyesimamia kuingizwa kwa Kimanx shuleni mwaka 1992. Kimanx kilipita katika kijiuzi chembamba sana, lakini uzi haukukatika: Stowell alizungumza na Maddrell, na watoto wa leo walizungumza na Stowell, aliyefariki mwaka 2019.

Mwaka 1996 wazazi wakaanzisha Mooinjer Veggey, chekechea za Kimanx. Mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya msingi, Bunscoill Ghaelgagh, ambayo sasa iko St John's, karibu na kilima ambapo bunge la Tynwald hukutana kila mwaka. Halafu mwaka 2009 UNESCO ikachapa atlasi ya lugha zilizo hatarini na kuandika kwamba Kimanx kimekwisha kufa. Watoto wa shule ile wakaiandikia UNESCO barua, kwa Kimanx, wakiuliza: kama lugha yetu imekufa, hii tunayoandikia ni lugha gani? Atlasi ikarekebishwa. Sensa ya 2021 iliwakuta watu 2,223 wanaojua Kimanx kwa kiasi fulani.

Wako wataalamu wanaosema hiki si Kimanx cha Maddrell, kwamba kimejengwa kwa santuri, Biblia na vitabu, na kina harufu ya Kiingereza. Nawaheshimu, na kwa upande wa fonetiki wana hoja. Lakini nauliza: mtoto wa miaka sita anayelia kwa Kimanx kwa sababu mwenzake kamnyang'anya baiskeli, tumwambie asubiri mpaka wataalamu waridhike? Mimi niko upande wa mtoto.

Uskoti habari ni ngumu zaidi, na lazima niiseme kama ilivyo. Nyanda za juu zilipigwa baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambako jeshi la serikali liliwashinda waasi wa huko, na baadaye wenye ardhi wakawaondoa wakulima ili wafuge kondoo. Mabonde mazima yalibaki matupu. Watu wakapelekwa Kanada, na ndiyo maana hadi leo kuna wasemaji wa Kigaeli Cape Breton, Nova Scotia. Mwaka 1872 sheria ya elimu ya lazima ilitungwa bila kukitaja Kigaeli hata mara moja. Kilichokipa pumzi ni ardhi tena. Wakulima wa Braes, kisiwani Skye, walipambana na askari mwaka 1882, tume ikaundwa, na sheria ya mwaka 1886 ikawapa wakulima wadogo wa maeneo hayo usalama wa mashamba yao. Mimi naihesabu sheria hiyo kuwa sheria ya lugha, ingawa haikutungwa kwa ajili ya lugha. Pale ambapo watu hawakuweza kufukuzwa tena, Kigaeli kilikaa karne nzima zaidi.

Mwaka 1891 Uskoti ilikuwa na wasemaji 254,415. Mwaka 2001 walibaki 58,652. Katikati ya kuporomoka huko kuna watu waliojenga: chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kisiwani Skye kilichoanzishwa mwaka 1973 ndani ya majengo ya zamani ya shamba, wazazi wa Glasgow na Inverness waliodai madarasa ya Kigaeli hadi yakaanza mwaka 1985 kwa watoto wachache sana, na sasa wamezidi 5,000, sheria ya lugha ya mwaka 2005, televisheni ya BBC Alba mwaka 2008. Sensa ya 2022 ikaleta habari ya kufurahisha: wasemaji wamepanda hadi 69,701. Magazeti yakashangilia.

Ila tuisome vizuri. Ongezeko limetokea zaidi mijini, kwa watoto wa shule na watu wazima wanaojifunza. Kwenye visiwa vya magharibi, ngome ya mwisho, wasemaji wamepungua na sasa si nusu ya wakazi. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Conchúr Ó Giollagáin walikadiria kwamba wanaoitumia lugha kama lugha ya jamii visiwani ni kama 11,000, wengi wao wazee, na kwamba mambo yakiendelea hivyo matumizi hayo yatatoweka ndani ya muongo mmoja. Utafiti huo uliwagawa watu. Walioudhika walisema unawavunja moyo walimu na wanafunzi wa mijini. Mimi nadhani ulisema kweli iliyotakiwa kusemwa. Watoto wa Glasgow ni neema kubwa, wala sitaki mtu awapuuze. Lakini wanahitaji kisiwa cha kwenda likizo na kukuta bibi, muuza duka na dereva wa basi wanaosema lugha ile bila kujilazimisha.

Kuna kazi moja ya Ayalandi ambayo ningependa wanafunzi waliopo hapa waiige. Kati ya 1937 na 1939 Tume ile ya Ngano iliwapa watoto wa shule za msingi daftari na orodha ya maswali: waulize babu na bibi zenu juu ya njaa, dawa za mitishamba, michezo, mizimu, majina ya mashamba. Zaidi ya watoto 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 waliandika, wengine kwa Kiayalandi, wengine kwa Kiingereza. Leo kurasa zile zimewekwa kwenye intaneti na watu wa kujitolea wanazichapa upya ukurasa kwa ukurasa. Sisi hapa kila mwanafunzi ana simu inayorekodi sauti vizuri kuliko gari la Danaher. Na tukumbuke kwamba katika nchi yetu yenye lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili chetu kitukufu ndicho kikubwa kinachosimama mlangoni mwa lugha ndogo. Nakipenda Kiswahili kwa moyo wote. Kwa sababu nakipenda, sitaki kitumike kama kile kijiti.

Nimalizie na lililo mezani kwao sasa hivi. Sensa ya Ayalandi ya 2022 ilikuta Gaeltacht zote zina watu 106,220, na wanaosema Kiayalandi kila siku nje ya masomo ni 20,261. Vijana wa Connemara na wa rasi ya Dingle wanaandamana, na mabango yao yanahusu nyumba. Kijana aliyekulia katika lugha, mwenye kazi anayoweza kuifanya kwa kompyuta akiwa kijijini, hapati nyumba kwa sababu zimenunuliwa na wageni wa kiangazi au zinapangishwa kwa watalii kwa wiki. Anahamia Galway au Dublin, anaoa huko, anazaa huko, na mtoto wake anaingia katika ile namba ya kwanza badala ya ya pili. Skye ni hivyohivyo. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mpya ya lugha mwezi Juni 2025, inayokipa Kigaeli hadhi rasmi na kuruhusu maeneo yenye uzito wa kilugha yatengwe. Kwangu mimi kipengele hicho cha maeneo ndicho cha kufuatilia. Hadhi rasmi Kiayalandi kimekuwa nayo tangu 1922. Tuangalie kama halmashauri za visiwani zitatumia utaratibu huo kuwajengea vijana nyumba za bei wanayoimudu na kuleta ajira, au kama utaishia kwenye vibao vya barabarani.

Mwenyekiti, nimeambiwa niache muda wa maswali, na naona mikono imeshaanza kunyooshwa kule nyuma. Asanteni sana kwa kunisikiliza.